Kwenda Kisoro Wakati wa Kipupwe: Ushauri kwa Vikundi vya Nakivale

Mwezi wa Julai vumbi la Nakivale, makazi ya wakimbizi ya kusini-magharibi mwa Uganda, huingia hadi kwenye sahani. Masika yamekwisha, maharage yamevunwa, na mtu hushinda mchana kutwa na shati jepesi. Kisoro, kama kilomita 280 kutoka hapo, siku hiyo hiyo alfajiri watu wanakwenda sokoni wamejitanda mablanketi. Nchi ni moja na mwezi ni mmoja. Tofauti ni kimo. Ziwa Nakivale liko kati ya mita 1,200 na 1,300 juu ya usawa wa bahari, Mbarara inapita kidogo 1,400, Kabale na Kisoro zinakaribia 1,900, na katikati ya miji hiyo miwili ya mwisho barabara hupanda hadi mita zipatazo 2,400 kabla ya kukubali kushuka.

Kila mwaka katika miezi hiyo vikundi vya Nakivale huanza kuchanga nauli. Kuna kwaya zilizoalikwa Kabale, kuna timu za mpira, kuna vikundi vya kuweka na kukopa vilivyogawana akiba ya mwaka na kuamua kwamba sehemu yake iliwe kwa macho, na kuna familia za Kikongo zinazotaka kuona tena milima ya Virunga, hata kama ni kwa upande wa Uganda tu. Safari ni nzuri na inawezekana. Lakini mara nyingi hupangwa kuanzia upande usiofaa: watu huanza na saa ya kuondoka Base Camp ya Nakivale, kisha wakaacha saa nyingine zijipange zenyewe.

Saa inayotakiwa kuandikwa kwanza kwenye karatasi ni ile ya kupita Kanaba.

Kanaba ni kile kipito cha juu kati ya Kabale na Kisoro, mahali ambapo msafiri akitokea kwenye msitu wa Echuya huona volkano tatu zimejipanga mbele yake: Muhabura yenye mita 4,127, Gahinga yenye 3,474, na Sabinyo yenye meno yaliyovunjika. Hapo pia ndipo ukungu unapokaa. Usiku wa kipupwe mbingu zikiwa safi, ardhi hupoa haraka, baridi hutiririka kutoka mabegani mwa vilima, na mabonde ya Kigezi, eneo hili la Kabale na Kisoro, hujaa ukungu mzito ambao aghalabu hautoki mpaka saa tatu au saa nne asubuhi. Jioni nayo mawingu hushuka tena juu ya Echuya, na giza la msitu wa mianzi huongeza yake. Kwa hiyo dereva mgeni ana dirisha moja la kupita kwa utulivu: tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kila jambo lingine la safari, kuanzia karatasi za ruhusa hadi gunia la viazi, lipimwe kwa swali moja tu: linalilinda dirisha hilo au linalibana?

Hesabu yenyewe si ngumu. Kutoka Base Camp hadi Mbarara ni kama kilomita 60, sehemu yake ya vumbi hadi kuikuta lami inayotoka Isingiro, na gari lililojaa huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Mbarara hadi Kabale kupitia Ntungamo ni kilomita zinazokaribia 150. Barabara ni nzuri, lakini malori ni mengi, kwa hiyo ziwekewe saa tatu. Kabale hadi Kisoro ni kama kilomita 80, na hapo kilomita hazina maana sana kwa sababu ya kona. Saa mbili ni haki yake. Jumla ni saa saba za kutembea tu. Ongeza kusimama mara mbili, ongeza yule mmoja aliyesahau simu ikichajiwa dukani, zinafika tisa. Kikundi kinachoondoka Nakivale saa moja asubuhi kwa maneno, na saa tatu kwa vitendo, kitaikuta Kanaba kwenye saa kumi na moja jioni, ukungu ukiwa unarudi na dereva akiwa amechoka.

Suluhisho la busara ni kuikata safari mara mbili. Siku ya kwanza iishie Kabale au kando ya ziwa Bunyonyi, lililo kilomita chache tu kutoka mjini. Siku ya pili watu waamke bila pupa, wanywe chai, waache ukungu unyanyuke, waondoke saa tatu na kuipita Kanaba saa nne na nusu jua likiwa limewaka. Wako watakaosema usiku mmoja wa ziada ni gharama. Ni kweli. Hata hivyo, kwa kikundi chenye watoto au wazee, usiku huo wa Kabale ndio fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Kabla ya gari, karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya nchi, na ni sheria inayosifiwa na wengi. Njiani, hata hivyo, askari wa kizuizini hasomi sheria, anasoma kitambulisho. Kila mtu mzima awe na kitambulisho chake cha mkimbizi, na watoto wawe na nakala ya ile karatasi ya familia ambayo Nakivale nzima huiita atestesheni. Nakala asilia ibaki nyumbani mahali pakavu. Kikundi kiombe pia barua ya safari kutoka ofisi ya kamandanti wa makazi, yenye majina yote, namba za magari, tarehe ya kwenda na ya kurudi. Barua hiyo iombwe mapema, kwa kuwa aliyepanga kwenda kuichukua asubuhi ya safari ameshaipoteza Kanaba kabla hajapanda gari.

Kuna kalenda nyingine ambayo waandaaji wageni huisahau: siku ya mgao. Chakula au fedha za msaada hutolewa kwa ratiba, na wakati mwingine huitishwa uhakiki ambapo mtu lazima aweke kidole chake mwenyewe. Tangu msaada ulipopunguzwa na watu kupangwa kwa makundi ya uhitaji mwaka 2023, kukosa siku moja ni pigo linaloweza kuchukua wiki kulirekebisha. Tarehe ya safari isifungwe kabla ya kuulizia ratiba hiyo kwa viongozi wa kijiji. Wenye wanafunzi nao hungoja likizo ya muhula wa pili, ambayo huangukia mwishoni mwa Agosti, na hapo wanakuwa ukingoni mwa mvua: Septemba ikishika kasi, udongo wa Kigezi huanza kulegea. Mwanzoni mwa Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha vilima kotekote katika ukanda huo wa milima. Upande wa Rwanda walikufa watu zaidi ya 120, na Kisoro nayo ilizika watu wake. Msimu wa mvua hauifai safari ya matembezi kwenye barabara hiyo, hata nauli ikishuka namna gani.

Sasa fedha, mahali ambapo urafiki mwingi huvunjikia. Tuseme kwaya ya watu 28 imekubaliana na wenye magari, na kukodi, mafuta, chakula na malazi ya madereva vimefika shilingi 1,400,000. Kila mmoja anadaiwa 50,000. Siku mbili kabla ya safari wanajitoa wanne, mmoja kwa homa, watatu kwa sababu zisizoeleweka. Wenye magari hawapunguzi kitu. Magari ni yale yale. Waliobaki 24 kila mmoja sasa anadaiwa zaidi ya 58,000, na wako wasiokuwa nayo hiyo 8,000. Ndipo kikao kinapogeuka ugomvi. Dawa yake ni kuandika mapema kwamba nusu ya mchango hairudishwi mtu akijitoa, isipokuwa amemleta wa kuziba nafasi yake. Mchango upitie simu ya mtu mmoja, na taarifa ya salio isomwe na wawili. Tena iwekwe akiba ya dharura, angalau sehemu moja ya kumi ya jumla, isiyoguswa kwa soda wala kwa picha.

Kuhusu gari, mjadala wa kawaida ni Coaster moja au matatu mbili. Matatu kwa leseni yake hubeba abiria 14, kwa hiyo watu 28 wanaenea kamili kwenye mbili, bila mtoto wa kupakatwa na bila kiti cha ubao katikati ya mlango. Mbili ni bora kwa njia hii. Moja ikiharibika Muko, kati ya Kabale na Kisoro, nyingine inaweza kumfuata fundi Kabale au kumpeleka mgonjwa hospitali. Sharti lake ni kwamba zitembee zikiwa zinaonana, na aliye nyuma asipoonekana kwa muda, wa mbele asubiri mahali pa wazi, si kwenye kona.

Dereva achunguzwe kuliko gari. Aulizwe swali moja la wazi: ameshawahi kuendesha Kabale hadi Kisoro, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Dereva hodari wa Mbarara hadi Kampala amezoea njia ya kunyooka na breki za ghafla. Kanaba inataka ujuzi mwingine. Mteremko mrefu huendeshwa kwa gia ndogo, namba mbili au tatu, injini ikiwa ndiyo inayolizuia gari, na breki zinaguswa kwa vipindi vifupi. Anayekanyaga breki mfululizo kwa kilomita kadhaa huzichemsha. Kwanza huja harufu kama ya mpira unaoungua, kisha pedali inakuwa laini na kuzama chini, kisha hakuna kitu. Harufu hiyo ikisikika, abiria wana haki ya kudai gari lisimamishwe mahali tambarare lipoe taratibu, bila kumwagiwa maji. Na dereva anayeweka nyutro mteremkoni ili kuokoa mafuta ashushwe kwenye usukani siku hiyo hiyo. Hilo lisijadiliwe kwa adabu nyingi.

Mambo ya kukagua kwa macho Mbarara, siku moja kabla, ni machache: tairi nne zenye meno na ya tano ya akiba yenye upepo, jeki na spana zinazolingana na nati, mafuta ya breki, wipa zinazopangusa, taa zote mbili za mbele na zile nyekundu za nyuma. Kwenye ukungu taa kubwa huakisi mwanga ukarudi machoni pa dereva, kwa hiyo hutumika taa ndogo, na mwendo hushuka mpaka ule ambao gari linaweza kusimama ndani ya umbali unaoonekana. Injini nayo hupungukiwa na nguvu kadiri inavyopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2,400 injini ya kawaida ya petroli imeshapoteza karibu robo ya nguvu iliyokuwa nayo usawa wa bahari. Dereva asilazimishe gia kubwa. Rejeta ikichemka mlimani, kifuniko kisifunguliwe mpaka mkono uweze kukaa juu yake bila kuungua.

Mizigo ya kwaya ni tatizo la pekee. Spika mbili, kinanda, ngoma na jenereta vikifungwa juu ya paa vinaligeuza gari kuwa zito kichwani, na kona za Kanaba ndizo zinazodhihirisha hilo. Vizito vikae chini, ndani, chini ya viti vya nyuma. Vikikosa nafasi, spika ziazimwe huko huko ziendako. Kwaya nyingi zina ndugu zao Kabale.

Barabarani kuna lugha ambayo abiria wa mbele anapaswa kuijua. Kabla ya kona, matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami yanasema kwamba lori limekufa mbele, pengine katikati ya njia. Malori ya kwenda mipaka ya Bunagana na Cyanika ni marefu, huchukua upande wote wa kona, na dereva wake hupiga honi mara moja tu. Baiskeli za mbao za kubebea viazi hushuka bila breki ya maana. Watoto hukaa ukingoni wakiuza kabichi. Mwenye kiti cha mbele asilale. Kazi yake ni kuwa jicho la pili la dereva na kumtilia maneno asisinzie.

Na dereva alale kitandani. Vikundi vingi hubana matumizi kwa kumwacha alale ndani ya gari ili alinde mizigo. Usiku wa Julai Kabale joto hushuka hadi nyuzi 10 na wakati mwingine chini yake, na bati la gari halizuii baridi. Atakesha akijikunja, na asubuhi yake ndiye mwenye roho za watu kumi na wanne mikononi, akiielekea njia ya kona kuliko zote. Malazi yake yaandikwe kwenye bajeti kabla ya malazi ya mwenyekiti.

Baridi yenyewe haitishi ikitayarishiwa. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Mtu wa Nakivale akifika Kanaba amepoteza kama nyuzi saba hata kabla upepo haujaanza. Nguo mbili tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine zinashinda koti moja zito, kwa kuwa mtu anaweza kuvua na kuvaa gari likipanda na kushuka. Kichwa na miguu visisahauliwe: kofia ya sufu, soksi nzito, viatu vya kufunika. Watoto wavalishwe nguo moja zaidi ya mtu mzima. Sweta na makoti ya mitumba yamejaa soko la Mbarara, tena kwa bei nzuri, ila yanunuliwe wiki moja kabla na mtu mmoja aliyetumwa. Kikundi kizima kikiachiwa sokoni asubuhi ya safari hakitoki kabla ya saa sita, na Kanaba haitasubiri.

Jambo moja linaua, na linaua watu wenye akili zao. Wageni waliozidiwa na baridi huingiza sigiri yenye makaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Makaa yanayofifia hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu bila mtu kuhisi anakabwa. Kichwa huuma kidogo, usingizi huwa mtamu, basi. Sigiri ipikiwe nje na ibaki nje, hata moto ukionekana umekufa. Anayehisi baridi ajazie chupa ya plastiki maji ya moto, aifunge vizuri, aizungushie kitambaa na kuiweka miguuni ndani ya blanketi.

Wagonjwa wa selimundu wapewe uangalizi wa pekee, na wapo wengi katika familia zetu za ukanda huu. Baridi, kiu na hewa nyepesi ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu makali, na Kanaba ina vyote vitatu kwa mpigo. Mgonjwa aongee na daktari wake Nakivale au hospitali ya rufaa ya Mbarara kabla ya kutoa mchango, si baada. Akiruhusiwa, anywe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu, asishuke garini kupiga picha kwenye upepo, na dawa zake ziwe mfukoni, si kwenye mzigo. Wenye pumu nao wabebe kifaa chao cha kuvutia dawa. Moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la kiangazi huwakamata kabla ya baridi. Njiani hospitali zinazofaa kuandikwa kwenye karatasi ya kiongozi ni ya rufaa ya Kabale, vituo vya afya vya Hamurwa na Muko, kisha Mutolere na hospitali ya wilaya Kisoro. Namba ya polisi ni 999 au 112.

Mpishi wa kikundi ajue kwamba maji huko huchemka yakiwa bado hayajafika nyuzi 100. Kwenye mita 1,900 huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maharage yanayoiva Nakivale kwa saa mbili yatamchosha Kabale mpaka usiku. Yalowekwe tangu jana yake, au yaachwe kabisa, kikundi kile viazi vya hapo hapo na bushera ya mtama, ambayo Wakiga, wenyeji wa Kabale, huwapa wageni bila kuulizwa.

Bunyonyi inastahili nusu siku. Ziwa hilo liko kwenye mita 1,962, limejaa visiwa, na sifa yake ya kutokuwa na mamba wala kiboko huwapa watu ujasiri kupita kiasi. Kinachomtoa mtu pumzi pale ni ubaridi wa maji. Anayeruka kutoka kwenye mtumbwi huvuta hewa kwa mshtuko, na kama kichwa kiko chini, anavuta maji. Kila anayepanda mtumbwi avae jaketi la kuokolea, lifungwe vifungo vyote, na mtumbwi usiokuwa na majaketi ya kutosha uachwe uende na wengine.

Kisoro ina mtego wa aina nyingine, nao uko kwenye simu. Mji uko kilomita chache kutoka mipaka ya Bunagana na Cyanika, na simu iliyoachwa ijichagulie mtandao yenyewe huweza kushika mnara wa Rwanda au wa Kongo. Salio huyeyuka kwa gharama za ugenini. Zaidi ya hapo, Rwanda na mashariki mwa Kongo ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na simu inayojirekebisha hurudisha saa nyuma kimyakimya. Nusu ya kikundi itadhani ni saa nane wakati ni saa tisa, na saa tisa ndiyo ya mwisho kuondoka Kisoro kwa wanaorudi Kabale. Simu zifungwe kwenye mtandao wa Uganda na kwenye saa ya Uganda kabla ya kuivuka Kanaba, na kiongozi avae saa ya mkononi.

Mpaka wenyewe usichezewe. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, na tangu hapo habari za upande wa pili hubadilika haraka kuliko redio. Ndugu wanaweza kuwa wanaonekana ng'ambo, wanapunga mkono. Mkimbizi anayevuka kwenda nchi aliyoikimbia, hata kwa saa mbili na bila kugongwa muhuri, anaiweka hadhi yake mashakani, kwa kuwa sheria huweza kulihesabu hilo kama kurudi kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi hiyo. Hati ya kusafiria ya mkimbizi nayo haifunguliwi kwa ajili ya nchi ya asili. Wanaotaka kuonana wakutane Kisoro mjini, ndugu wavuke wao kwa njia halali kama inaruhusiwa siku hiyo. Kamera zisielekezwe kwa askari, kwenye kizuizi, wala kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi cha Nyakabande.

Nyakabande ndiyo inayofanya safari hii isifanane na matembezi ya watalii. Maelfu ya wakazi wa sasa wa Nakivale walilala pale usiku wao wa kwanza Uganda, kisha wakapanda mabasi na kuipita Kanaba kwa mwelekeo wa kuja, wengi bila kujua walikuwa wapi. Kwa baadhi yao kuiona tena Sabinyo ni furaha. Kwa wengine hufumua yaliyofungwa. Kiongozi aulize hilo faraghani wiki kadhaa kabla, na mtu akisema angependa kuishia Bunyonyi, abaki na wenzake wawili bila kuombwa maelezo. Wale wa Rutshuru, Kongo, watajikuta nyumbani kwa namna nyingine: Kifumbira cha Kisoro ni ndugu wa karibu wa Kinyarwanda, na Kiswahili sokoni kinaeleweka vizuri kuliko Mbarara.

Wenye hamu ya kupanda Muhabura wajue hiyo ni safari ndani ya safari. Mlima uko ndani ya hifadhi ya Mgahinga, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, mwaka ambao jamii ya Batwa iliondolewa humo na katika msitu wa Bwindi bila ardhi nyingine ya kwenda. Kupanda kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori na mwongozaji, na kimo cha mita 4,127 huleta kichwa kuuma na kichefuchefu hata kwa vijana wenye nguvu. Anayezidiwa hashauriwi kupumzika kidogo kisha aendelee, anateremshwa. Katika miezi hii pia moshi na vumbi huweza kuzificha volkano siku nzima. Anayetaka picha safi za milima afikirie Januari.

Kurudi kuna kishawishi kimoja kikubwa: viazi. Huko Muko na Hamurwa hupangwa kandokando ya barabara kwa marundo, bei ikiwa nafuu sana ukilinganisha na Mbarara, na kila mama ana gunia lake kichwani kwa mahesabu. Magunia kumi kwenye matatu yenye abiria 14 ni gari lililozidishwa uzito, na bado mbele kuna miteremko ya Rukiga kabla ya Ntungamo, breki zikiwa zimeshafanya kazi tangu Kisoro. Ikubaliwe kabla ya kutoka Nakivale: kila familia mfuko mmoja wa plastiki wa kilo kumi, na wanaotaka magunia wachange wayalipie nafasi kwenye lori la mizigo litakaloyashusha Mbarara. Magari yakifika Mbarara baada ya saa kumi na mbili jioni, mhazini afungue ile akiba ya dharura, watu walale mjini, wamalizie kilomita za vumbi asubuhi. Kilichobaki kirudishwe kwa wachangaji kupitia simu ndani ya wiki hiyo, stakabadhi za mafuta na malazi zikiwa zimebandikwa kwenye daftari la kikundi mahali kila mtu anapoweza kuzisoma.